Kelderby wa Mwisho Kambani

Wilfred Kelderby alikufa mwezi wa Februari, na mimi nilimkasirikia sana. Mungu amrehemu, lakini jamani, mtu ana miaka themanini, hakuoa, hana mtoto, hana hata mpwa wa kusingiziwa, halafu anapanda juu ya paa kuondoa theluji! Nilisimama kaburini na wenzangu, nikatupa kibonge changu cha udongo, nikasema moyoni: Wilfred, umeniponza.

Na kweli aliniponza mimi kuliko mtu yeyote. Kila Jumatatu ya Pentekoste kijiji chetu cha Kelderby na kijiji cha Stonegarth tunavutana kamba mtoni. Sisi tunasimama ukingo huu, wao ukingo ule, wanane kwa wanane, na maji baridi katikati yanamsubiri atakayeshindwa. Anayeshinda anachukua malisho ya Ings kwa mwaka mzima, yale majani mazito ya kando ya mto. Tukishinda sisi, wa kulisha pale ni mimi, Thirza Ackroyd, mjane wa Ben Ackroyd, maana shamba langu liko juu kilimani kwenye upepo na mawe. Kiangazi kondoo wangu hushuka Ings, na huku juu naacha majani yakue, niyakate, niyakaushe, ndiyo chakula chao cha majira ya baridi. Bila Ings, ikifika Desemba nitawalisha nini? Mawe? Ningelazimika kuwauza wote, kundi alilolianzisha bibi yake Ben, na mimi nikakae kwa dada yangu Scarborough nikaangalie bahari mpaka nife.

Sasa sheria ya kamba kila mtoto wa huku anaijua kabla hajaijua Baba Yetu: wa mwisho kambani lazima awe na jina la kijiji chake. Huyo wa mwisho ndiye nanga. Anajizungushia kamba mgongoni, anachimbia visigino, wengine wakiteleza yeye ndiye anayebaki. Nanga wao, na nahodha wao pia, ni Percy Stonegarth, mwenye baa, mtu mwenye tumbo kubwa na mdomo mkubwa kuliko tumbo. Wetu alikuwa Wilfred kwa miaka hamsini. Mwishoni tulikuwa tunamsimamisha tu kama kigingi na wenzake saba wanafanya kazi, lakini jina lilikuwapo, na jina ndilo lililotakiwa. Kijiji kikikosa mtu wa jina lake kinanyang'anywa Ings moja kwa moja. Si kwa mwaka mmoja. Daima.

Nahodha wetu, Seth Barraclough, seremala, alishika simu akatafuta Kelderby dunia nzima. Alimpata mmoja Hull, daktari wa meno, akakatiwa simu kwa kudhaniwa anauza madirisha. Alimpata mwanamke Australia, mchangamfu ajabu, akasema angekuja mbio ila ana mimba ya mapacha. Alimpata kijana Leeds, huyo akakubali, akaja kweli Jumamosi moja. Akaiangalia kamba. Akauangalia mto. Akauliza kituo cha basi kiko wapi.

Huku nyuma Percy alikuwa ameshaanza kutembea Ings na fimbo, anapima mahali pa kuweka meza za wanywaji wake. Nilikutana naye mnadani, akanivulia kofia kwa kejeli.

"Mama Ackroyd! Hao kondoo unawauza lini? Niambie mapema, maana jikoni kwangu nimenunua tanuri kubwa."

"Lianze kuingia hilo tumbo lako," nikamwambia, "uone kama litatosha."

Watu walicheka, na mimi nikacheka, lakini nilipofika kwenye gari langu nilikaa nikapiga hesabu ya bei ya kondoo. Ningefanya nini? Mjane wa kilimani ana nini zaidi ya ulimi?

Mwishoni mwa Aprili tukakutana baani kwetu, wote wa kamba, nyuso zimewashuka kama watu wa msiba. Nikawaka.

"Hebu nielezeni! Kijiji kinaitwa Kelderby, kina watu mia tatu, na hakuna Kelderby hata wa dawa! Inawezekanaje?"

"Ndivyo ilivyo, mama," Seth akasema, anaizungusha bilauri yake. "Mimi si naitwa Barraclough? Iko Barraclough kweli, bonde kule upande wa Halifax. Nilimpeleka mke wangu tukapaone kwa wazee. Nikauliza, jamani, Barraclough wenzangu wanakaa wapi? Walinicheka mpaka nikaona haya."

"Wakucheke kwa nini?"

"Hakuna hata mmoja! Kuna mzee mmoja akaniambia, kijana, tumia akili. Zamani hizo mtu aliyekaa hapa nani angemwita wa Barraclough, na kila mtu alikuwa wa Barraclough? Aliitwa Yohana Mrefu, au Yohana wa Kinu. Jina la mahali anapewa aliyehama. Anafika ugenini, wanamuuliza umetoka wapi, anawaambia, basi, jina limemganda mpaka kwa wajukuu."

"Na Wilfred je?"

"Wazee wake walihama enzi za wafalme wa mapanga, wakalipata jina huko. Wajukuu wao wakarudi nalo kabla kamba haijaanza."

Nikawatazama mmoja mmoja. Mimi naitwa Ackroyd na hapa hakuna mahali paitwapo Ackroyd. Wao walikuwa Sutcliffe, Barraclough, Greenwood, kila mmoja kabeba jina la mahali ambapo hayupo. Tumekaa baani tumejaa kama sokoni, majina ya kila bonde, isipokuwa la kwetu.

"Seth," nikasema, "mtu akihama Kelderby zamani hizo, hana gari, hana treni, ana mke na mbuzi na mguu wake. Anafika wapi?"

"Hafiki mbali."

"Hafiki mbali! Anavuka mto tu!"

Wote wakageukia dirishani. Dirisha la baa yetu linaangalia mto, na ng'ambo ya mto mabomba ya moshi ya Stonegarth yanaonekana yote. Bomba la mwisho kabisa, kule kwenye nyumba ya pembeni, lilikuwa linatoa moshi.

"Mungu wangu," Seth akasema. "Hester."

Na hapa ndipo ninapotaka kucheka na kulia kwa pamoja. Hester Kelderby tulimjua sote! Tulikuwa tunamwona kila wiki. Yeye ndiye anayejenga kuta za mawe za mashamba, zile zisizotiwa saruji, jiwe juu ya jiwe, na mabega yake hayapiti mlangoni mpaka ageuke ubavu. Yeye na baba yake Amos wanakaa Stonegarth, na ukoo wao ulikuwa Stonegarth kabla kanisa halijapata mnara. Lakini kwa jina hilo, Stonegarth waliwaita wa kuja. Karne na karne, wa kuja! Hakuna Kelderby aliyewahi kuruhusiwa kugusa kamba ya Stonegarth, wakiogopa ataiachia makusudi. Na sisi je? Sisi kwetu walikuwa watu wa Stonegarth, wapinzani, hata hesabuni hawakuingia. Seth alipiga simu Australia, na Kelderby yuko ng'ambo ya daraja anapanga mawe.

Kesho yake nikamfuata. Alikuwa kwenye ukuta uliobomoka chini ya barabara, ana jiwe mkononi ambalo mimi ningehitaji punda kulibeba.

"Hester, binti yangu," nikaanza, kwa sauti tamu.

"Leo mimi binti yako?" Hakugeuka hata. "Kuna shida gani, mama Ackroyd?"

Nikamweleza yote: Wilfred, kondoo, Scarborough. Akaliweka jiwe mahali pake, akalipiga kofi, akakaa juu ya ukuta akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kwa hiyo kule mimi ni wa kwenu, na kwenu mimi ni wa kule, mpaka mtu afe ndipo mnanikumbuka!"

"Ndivyo hasa," nikasema. Kudanganya kungesaidia nini?

Akaacha kucheka. "Nikiwa na miaka kumi na sita nilikwenda kwa Percy nikamwomba kamba. Nilikuwa namzidi nguvu kila kijana pale, na yeye alijua. Akaniambia mbele ya watu, rudi kwenu. Nikamuuliza, kwetu wapi? Nyumba yetu pale unaiona! Baba alikuwa mlangoni anasikia. Tangu siku ile baba hajakanyaga mtoni siku ya Pentekoste. Anafunga dirisha."

"Tufanye nini, mwanangu?"

"Mimi nataka kuvuta. Tangu nizaliwe nataka kuvuta. Lakini hamtanichukua kichochoroni. Mje kuniomba kwa baba yangu. Timu nzima, nguo za kanisani, mchana kweupe, mpite barabara kuu ya Stonegarth mbele ya baa ya Percy. Mkimwomba vizuri akakubali, nitavuta. Akikataa, kwaherini."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jumapili ile baada ya ibada tulivuka daraja, Seth na wenzake sita, tai zimewakaba, viatu vinang'aa, na mimi mbele na keki ya tangawizi kwenye sahani. Tulikuwa kama watu wa posa! Stonegarth nzima ilitoka milangoni. Percy alisimama na kitambaa cha kufutia bilauri, mdomo wazi.

"Mnakwenda wapi nyie?"

"Kwa Amos Kelderby," nikamjibu. "Kwani kuna mtu mwingine wa maana huku?"

Amos alifungua mlango mwenyewe. Mzee mwembamba, amenyooka, macho makali. Hakutukaribisha ndani. Seth akavua kofia, akasema, "Mzee Kelderby, tumekuja kukuomba binti yako awe nanga wetu. Tulipaswa kuja zamani. Hatukuja kwa sababu tulikuwa wapumbavu."

Amos akatuangalia mmoja mmoja, akaiangalia keki.

"Nani kaipika?"

"Mimi," nikasema.

"Miaka sabini na minne naishi hapa," akasema, "hakuna mtu wa upande wowote wa mto aliyewahi kugonga mlango huu kuomba kitu." Akachukua sahani. "Mchukueni. Na msimwangushe."

Nilipogeuka machozi yalikuwa yananitoka, na sijali nani aliyaona.

Wiki tatu zilizofuata Hester alituonyesha cha mtema kuni. Aliifunga kamba kwenye mwaloni wa nyuma ya kanisa akawavutisha wanaume wale mpaka jioni, na kelele zake zilisikika mpaka kwangu kilimani.

"Mnavuta kwa mikono! Mkono ni wa kushikia tu! Kaa chini, Seth, kaa, kama unakalia kiti! Wewe Greenwood, unacheza dansi na nani?"

Walirudi kwao wanachechemea, wake zao wakanilalamikia mimi. Nikawaambia wawapake mafuta ya kuchulia farasi wanyamaze.

Jumatatu ya Pentekoste mvua ilinyesha asubuhi, halafu jua likatoka, na kingo zote mbili zikawa utelezi. Watu walijaa. Kasisi Lumb, ambaye ndiye mwamuzi kila mwaka, alisimama darajani na filimbi yake. Timu zikashika kamba. Hester akajifunga kamba mgongoni, na Percy alipomwona ng'ambo akawa mwekundu mpaka masikioni. Nadhani mpaka dakika ile aliamini hatutathubutu.

"Kasisi! Huyu haruhusiwi! Huyu ni mtu wa Stonegarth!"

Hester akainua kichwa taratibu.

"Sema tena, Bwana Percy. Kwa sauti."

"Nasema wewe ni mtu wa Stonegarth! Umezaliwa Stonegarth, baba yako kazaliwa Stonegarth, na babu yako, na baba wa babu yako!"

"Percy," Kasisi akauliza kutoka darajani, mpole kabisa, "kama ni mtu wa Stonegarth, mbona hukuwahi kumpa kamba?"

"Nimpeje kamba? Si ni Kelderby huyo!"

Jamani, kicheko kile! Kilianzia kwetu kikavuka maji kikawashika na wao. Nilimwona mke wake Percy amejifunika uso kwa aproni, mabega yanaruka.

"Sheria inasema jina," Kasisi akamaliza. "Haisemi analala wapi."

"Ni mwanamke!" mtu mmoja wa Stonegarth akapiga kelele.

"Ahsante kwa taarifa!" nikamjibu. "Haisemi suruali pia!"

Filimbi ikalia.

Stonegarth walitutoa jasho tangu mwanzo, siwezi kusema uongo. Walikuwa wazito na wana hasira. Mguu kwa mguu walitusogeza, matope yakawa yanapanda kwenye viatu vyetu, mpaka Seth, ambaye ndiye wa mbele, akawa amesimama majini hadi kifundo. Niliwaona kondoo wangu wanapakiwa kwenye lori, naapa, niliwaona mmoja mmoja.

"Vuteni!" nikapiga kelele. "Vuteni, mnangoja nini?"

"Bado," Hester akasema. Alikuwa amelala nyuma karibu agusane na ardhi, visigino vimezama, hata kope hachezeshi. "Kaeni. Bado."

Maji yakafika gotini kwa Seth. Akageuza jicho. "Hester, nakwenda!"

"Huendi popote. Kaa. Mimi niko hapa."

Kamba ikasimama. Haikwenda kwao, haikuja kwetu, ikawa inalia tu kama mlango wa ghala. Wakavuta, haikutoka. Wakavuta tena. Hapo ndipo tukaanza kumsikia Percy anahema ng'ambo ya mto, anahema kama ng'ombe anayezaa, na wale wa mbele yake wakaanza kutazama nyuma. Ukishatazama nyuma kwenye kamba umekwisha.

"Sasa," Hester akasema, wala hakupaza sauti. "Mguu wa kushoto."

Wakaenda. Kushoto, kulia, kushoto, wote saba na yeye, kama watu wanaopanda ngazi kinyumenyume. Wa kwanza wa Stonegarth akaingia majini akaachia. Wa pili. Watatu wakaingia pamoja. Na Percy, aliyejifunga kamba tumboni kama nanga anavyotakiwa, hakuweza kuachia hata kama angetaka. Alikuja ukingoni anateleza kwa makalio, anaita jina la mama yake, akaingia mtoni kwa kishindo kilichotulowesha mpaka sisi.

Sijui nilifanya nini. Wanasema nilimbusu Kasisi. Inawezekana. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nimekumbatia goti la Hester, maana bega sikulifikia, walikuwa wameshambeba juu, na kijiji kizima kinaliita jina lake kwa nguvu zote.

Zipo desturi baada ya kamba, na hazirukwi. Nahodha wa walioshindwa, akiwa bado amelowa, anamfungulia nanga wa washindi lango la Ings, anavua kofia, na kusema, "Ingia, hapa ni kwako." Basi tukaenda langoni wote, vijiji viwili. Percy akalifungua. Kofia ilikuwa imeshakwenda na mto, kwa hiyo akashika nywele zake.

"Ingia, hapa ni kwako," akanong'ona, macho chini.

Hester hakuingia.

"Umesema vizuri, Bwana Percy, lakini baba yangu hajasikia. Mwambie yeye."

Ndipo nilipomwona Amos. Alikuwa amesimama nyuma ya umati na kofia yake ya Jumapili, na ukingoni kwetu, si kule kwao. Amekuja lini, sijui. Watu wakampisha njia. Percy akamtazama, maji yanamchuruzika puani, na kwa mara ya kwanza nilimwona yule mtu amekosa kejeli. Akajisogeza mbele, akasimama wima, na akayasema kwa sauti ambayo kila mtu wa Stonegarth aliisikia:

"Ingia, Amos. Hapa ni kwako."

Masikio ya Amos yako safi, anasikia panya akikohoa.

"Najua, Percy," akasema. "Siku zote nilikuwa najua."

Akampita, akaingia Ings, binti yake nyuma yake, na mimi nikaenda kuwaleta kondoo.